Mtaalamu na Ukurasa wa Saba

Siku ambayo halmashauri ya mji ilitundika sheria mpya kwenye ubao wake wa matangazo, watu walipita hapo tangu asubuhi bila kugeuza shingo. Sheria yenyewe ilikuwa na kurasa kumi na moja, zote zimening'inia kwenye msumari mmoja, na jua siku hiyo halikuwa na mzaha. Nani ana kichwa cha kusoma kurasa kumi na moja amesimama juani? Mtu mmoja tu ndiye aliyesimama, na tusimsifu bure: hakusimama kwa kupenda elimu. Alisimama kwa sababu pua yake ilinusa ulaji. Mtaani walimwita Mtaalamu.

Jina hilo hakupewa na chuo chochote. Alipewa na majirani, kwa kuwa hapakuwa na kazi asiyoijua wala hapakuwa na kazi aliyoimaliza. Aliwahi kuwa fundi wa redio, mpaka redio za mtaa mzima zikanyamaza. Akawa dalali wa viwanja, kiwanja kimoja akakiuza kwa ndugu wawili wasiosalimiana, na kesi ile ndiyo iliyowapatanisha. Akawa fundi wa meno kwa siku moja, na hapo naomba niishie, maana mgonjwa yu hai na bado anamtafuta. Lakini ulimi, jamani, ulimi alijaliwa. Angeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe na ukamshukuru kwa kukupunguzia bei.

Basi akasoma. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba mkono wa bahari unaoingia mjini umechafuka mno, na kwamba kuanzia sasa, ndani ya mita thelathini kutoka majini, ni marufuku kujenga, kuchimba choo, kufuga, kuosha magari, kupangisha vyumba wala kumwaga maji ya sabuni. Sheria ilikuwa nzuri, na nasema hivyo bila kuhongwa na mtu. Zamani watu walikuwa wakioga pale; siku hizi hata kaa walipita wamekunja uso. Ukurasa wa pili ulikuwa na muhuri wa zambarau, mkubwa kama kisahani. Mtaalamu alipouona muhuri akaacha kusoma hapo hapo. Penye muhuri, maneno ya nini tena? Akatazama kushoto, akatazama kulia, akazichana zile kurasa mbili za juu, akazikunja vizuri na kuzitia mfukoni. Zilizobaki tisa akawaachia nzi.

Alikuwa akiishi kilimani, kwenye nyumba ya vyumba vitatu aliyoachiwa na marehemu baba yake, fundi seremala. Haikuwa nyumba ya kumsimamisha mpita njia, lakini milango yake ilifunga, paa halikuvuja, na uani mlikuwa na kisima kisichokauka. Hati ilikuwa kwa jina la Mtaalamu. Chumba cha nyuma kilikuwa cha shangazi yake, dada wa marehemu, aliyemlea tangu hajaota meno na ambaye alikuwa amekaa humo miaka arobaini. Shangazi huyu alipika chai katika ofisi za halmashauri kwa miaka ishirini na tisa mpaka akastaafu. Maofisa walikuja wakaondoka, yeye na birika lake wakabaki, na katika kuingia na kutoka na sinia alisikia mengi.

Mtaalamu alimpenda shangazi yake, hilo lisiwe na shaka. Lakini mapenzi hayo hayakumzuia kuleta dalali mara mbili aje aipime nyumba. Mara ya kwanza shangazi alikuwa kitandani na homa, akafumbua macho akamwona mwanamume asiyemjua anapima ukuta juu ya kichwa chake. Mara ya pili dalali alimwuliza yeye ni mpangaji wa tangu lini. Biashara zote mbili ziliharibika zenyewe, Mtaalamu akaomba msamaha, akasahau. Shangazi hakusahau. Kila hodi iliyopigwa mlangoni ilimshtua, na ufunguo wa chumba chake akawa anatembea nao umefungwa kwenye pindo la nguo. Aliogopa kufa nyumba ya watu.

Siku ile ya tangazo shangazi alimkuta mwanawe huyo wa kulea uani anapaka vigingi rangi nyekundu, na kando yake ipo futikamba ya marehemu. Akauliza kulikoni. Mtaalamu akamwonyesha muhuri, akamweleza kwamba serikali imemtwika kazi nzito ya kupima ukanda wa maji.

"Sheria hii wameizungumza miaka, tangu nikiwa kazini," shangazi akasema. "Umeisoma mpaka mwisho?"

"Shangazi, karatasi ya serikali haisomwi kama barua ya posa. Unatazama kichwa, unatazama muhuri, unaingia kazini."

Shangazi akazitazama zile kurasa mbili, akaitazama pembe iliyochanika, akaenda zake kupika chai.

Kesho yake Mtaalamu alivaa fulana ya kung'aa, kofia ngumu ya mjenzi, na uso wa mtu asiyehongeka. Akateremka hadi kwenye mkono wa bahari. Zilikuwa siku za maji mafu, yale maji madogo yasiyopanda sana wala kushuka sana, nayo yametulia mbali kule chini, yameacha tope wazi. Mtaalamu alikuwa mtu wa kilimani. Maji ya chumvi aliyajua kwa kuyatazama. Akaiweka ncha ya futikamba pale maji yalipoishia, bila kuuliza kama maji yale yanakaa pale au yametoka matembezi. Kwa kipimo hicho, nyumba zote zilikuwa nje ya mita thelathini. Hakuna hata moja iliyovunja sheria. Hilo halikumsumbua, kwani nani alimwambia anakwenda kupima kweli?

Alianza na mfuga bata. Alimsomea ukurasa wa kwanza kwa sauti ya msibani, akamwonyesha muhuri, kisha akapigilia kigingi chekundu nyuma ya banda. Maana yake, akamweleza, banda lote limo ndani ya marufuku. Mfuga bata akauliza kama bata nao wameshapewa taarifa. Mtaalamu hakucheka. Alisema sheria ni msumeno, lakini msumeno nao una mpini, na mpini umo mkononi mwake. Wakazungumza kiutu uzima. Mwishowe kigingi kikasogea hatua kumi kuelekea majini, na Mtaalamu akaondoka na bata wawili kwapani.

Akaenda kwa muosha magari. Huyo alikuwa na sofa jekundu chini ya turubai, wateja wake walikuwa wakilikalia wakisubiri gari likauke. Kigingi kikapigiliwa, kikalainika, kikasogea, na sofa likapanda mkokoteni. Shangazi alipoyaona mambo hayo yanaingia uani alisema mara moja tu kwamba vitu hivi vina wenyewe, na ndani hataki kuviona. Bata wakalala juu ya sofa uani.

Hapo ndipo angeishia mtu mwenye kiasi. Lakini mjanja akishiba bata hutaka bwawa.

Jirani na muosha magari palikuwa na nyumba ya Mama Pasi. Mjane huyu alikuwa dobi mkuu wa mji. Jina alipewa na kazi yake: shuka akiipiga pasi ungeogopa kuilalia, na hata leso aliyotumia kufutia jasho ilikuwa na kunjo nne kamili. Nyumba yake ilikuwa na madirisha ya buluu, vyumba sita, na baraza pana linalotazama maji. Mbele ya baraza palikuwa na ua uliozungushiwa ukuta, na uani kamba tele za kuanikia. Mtaalamu aliipenda nyumba ile tangu ujana wake. Akaipima kimyakimya kutoka majini mpaka barazani: mita arobaini na moja. Salama kabisa, akajiambia. Nyumba safi, haina doa, inamngoja mtu mwenye akili.

Akavaa uso wa msiba akabisha hodi.

Mama Pasi alimsikiliza amesimama kati ya shuka. Shuka zenyewe siku hiyo zilikuwa zimeanikwa chini sana, karibu zinaburuta, zimeufunika ukuta wa ua wote kwa ndani. Mtaalamu aliona zinapendeza. Akasoma ukurasa wa kwanza, akaonyesha muhuri, akakokota futikamba uani akihesabu mbio mbio kwa sauti, akapita sebuleni kwa adabu, akatokea upande wa pili, akapigilia kigingi nyuma kabisa ya jiko.

"Mpaka jiko?" Mama Pasi akauliza.

"Mpaka jiko, mama. Na jiko ndilo linaloniuma zaidi."

Mama Pasi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akasema lakini yeye ni dobi, maji ya sabuni yasipotoka hapa yatatoka wapi? Na kigingi hakiwezi kusogezwa kidogo? Mtaalamu akapumua kwa huzuni. Angekuwa na banda tu, alisema, angemsaidia. Lakini nyumba ya vyumba sita inaonekana mpaka ofisini. Kwa nyumba kama hii mkono wake hauna nguvu. Akamwacha aive.

Siku ya pili alirudi, hakumkuta. Wafuaji wake walisema amepanda kilimani kupeleka nguo za mteja. Mtaalamu hakujiuliza ni mteja gani kilimani kule ana nguo za kupelekewa na dobi mkuu mwenyewe. Alikaa barazani akanyoosha miguu, akachagua chumba atakacholala yeye na vile vitano atakavyopangisha kwa wageni wapenda upepo. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye tamaa hata aambiwe haoni.

Siku ya tatu alimkuta, naye macho yamemvimba. Mtaalamu akaketi, akavua kofia ngumu, akaiweka magotini. Akasema hakulala. Sura ya Mama Pasi ilimjia kila akigeuka. Hivyo ameamua kufanya jambo ambalo serikali ikilijua atafukuzwa kazi.

"Mimi nina nyumba kilimani," alisema. "Ndogo, lakini haina kesi. Tubadilishane. Wewe panda juu ufue kwa amani, mimi nibaki hapa nipambane na sheria. Mimi wananijua."

Mama Pasi alishika kifua. Alikataa. Alisema nyumba hii aliijenga na marehemu mume wake, matofali mengine aliyabeba mwenyewe kichwani. Akauliza kama kisima cha kilimani kina maji. Akaambiwa hakijakauka tangu kichimbwe. Akalia tena kidogo. Akauliza kama paa linavuja. Kisha akauliza jambo ambalo Mtaalamu hakulitegemea.

"Na shangazi yako atakwenda wapi? Mimi mama wa watu simtoi. Kama ni kubadilishana, iandikwe kwamba chumba chake ni chake mpaka mwisho wa uhai wake. La sivyo basi, nibomolewe tu."

Mtaalamu nusura amkumbatie. Jambo moja tu lilikuwa linamkwaruza moyoni, na ni hilo la shangazi; na huyu mjinga wa Mungu analibeba mwenyewe bila kuombwa. Alipomweleza shangazi, akitegemea kilio, shangazi alisema magoti yake hayapatani na unyevu, atabaki chumbani kwake, na akamwongezea chai.

"Kabla hujatia sahihi," aliongeza, "umesoma zile kurasa nyingine?"

"Shangazi na kurasa zako," Mtaalamu akasema, akacheka, akanywa chai yake.

Walikwenda kwa wakili mwenye ofisi juu ya duka la dawa, chumba kimoja chenye feni inayozunguka kwa kusita. Wakili alisoma mkataba wote kwa sauti, maana ndiyo kazi yake. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba mpokeaji anaichukua nyumba ya majini pamoja na wajibu wake wote chini ya sheria ya ukanda wa maji, naye hatakuwa na madai baadaye, alisita, akamtazama Mtaalamu juu ya miwani na kumwuliza kama ameelewa. Mtaalamu alijibu kwamba sheria hiyo labda yeye ndiye amfundishe wakili. Akatia sahihi kwa mbwembwe, na mkia wa sahihi ukatoka nje ya karatasi. Mama Pasi alitia yake huku akijifuta machozi kwa leso ngumu iliyokataa kukunjika. Wakili akagonga muhuri. Mtaalamu alipenda sana mlio wa muhuri.

Siku kumi akaishi kama mfalme. Sofa jekundu alilitia katikati ya ua, akawa analala juu yake mchana akipigwa upepo, bata wake wawili wakizunguka. Kamba zote zilikuwa zimekwenda na Mama Pasi, na shuka pia. Ukuta wa ndani ulikuwa wazi sasa. Urefu wa goti kutoka chini palikuwa na mstari mweupe wa chumvi, umenyooka kutoka pembe hadi pembe. Mtaalamu aliuona. Akasema moyoni kwamba dobi huyu alikuwa na uchafu wake, atatafuta rangi aupake.

Siku ya kumi na moja mwezi ulikuwa mpevu, na wenye kujua maji wanajua maana yake. Ilikuwa siku ya bamvua, yale maji makubwa yanayopanda kupita siku zote, tena ile bamvua kubwa ijayo mara mbili kwa mwaka. Maji yalianza kupanda asubuhi bila kelele, yakalifunika tope lote, yakaupita mkoko wa mwisho, yakafika kwenye lango la ua na kuingia kama watu wa nyumbani. Mtaalamu alikuwa usingizini. Alichokisikia kwanza ni bata. Hawakuwa wakilia kwa hofu, walikuwa wakishangilia. Akafumbua macho akawaona wanaogelea mbele ya pua yake, mmoja nyuma ya mwenzake. Viatu vyake vilikuwa vinatoka langoni pamoja. Sofa likatikisika, likaelea, likaanza taratibu kumgeuza uso aangalie ukutani, na pale ukutani maji yalikuwa yamefika kwenye ule mstari mweupe, hayakuzidi, hayakupungua.

Mfuga bata na muosha magari walikuwa wameshapanda juu ya ukuta kutazama.

"Nawaona bata wangu," akasema mmoja.

"Na mimi naliona sofa langu," akasema wa pili. "Mtaalamu, kigingi cha maji umekipigilia wapi?"

Hapo akaingia mama mmoja wa makamo, amevaa buti za mpira na miwani, mkononi ana faili ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa afisa mazingira wa halmashauri, na hakuonekana kushangazwa na mtu anayeelea juu ya sofa. Alisalimia, akasema amechagua siku hii makusudi, kwa sababu siku ya bamvua kubwa mpaka wa maji hauna ubishi: unauona kwa macho. Kisha akatoa sheria, kurasa zote kumi na moja, akafungua wa saba na kusoma kwamba mita thelathini zitahesabiwa kutoka pale bamvua inapofika.

Mtaalamu akaketi wima juu ya sofa. Akasema pole pole kwamba yeye alidhani zinahesabiwa kutoka majini.

"Haya siyo maji?" afisa akauliza.

Akaiweka futikamba kwenye ule mstari wa chumvi, akapita barazani, akapita sebuleni kwa adabu, akatokea upande wa pili. Alirudi na kigingi chekundu mkononi, na kwa mara ya kwanza alikuwa na uso wa kushangaa.

"Nimekikuta nyuma ya jiko. Mita thelathini kamili, hakijakosea hata kidole. Mimi huwa nahangaika siku nzima kupata kipimo cha hivi. Nani amepima?"

Naomba mtazame mateso ya binadamu. Akisema ni yeye, amekiri kujifanya ofisa. Akisema si yeye, ananyang'anywa sifa ya kazi pekee iliyowahi kumtokea sawa maishani. Kule ukutani majirani wawili walimsubiri kwa hamu. Kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda tena.

"Mimi," akasema Mtaalamu.

Afisa akampa hongera. Akaandika katika faili kwamba mwenye nyumba mwenyewe amekiri kwa hiari kwamba nyumba yake yote imo ndani ya ukanda, jambo ambalo wengi hulipinga. Kisha akamsomea wajibu wake, bila haraka. Hatapangisha chumba. Hatafungua biashara. Atafukia shimo la choo na bomba la maji ya sabuni. Na mbele ya ukuta, upande wa tope, atapanda miche mia tatu ya mikoko, aitunze miaka mitano. Mtaalamu akainama kwenye ukingo wa sofa, akashusha sauti ya kiutu uzima, akauliza kama kigingi hakiwezi kusogezwa kidogo. Afisa alimtazama kwa upole akasema hapana, kimepigiliwa na mtaalamu.

Wale wa ukutani karibu waanguke kwa kicheko. Mfuga bata alishuka akawaita bata wake, nao wakamfuata kwa kuogelea bila kuaga. Sofa ilibidi lisubiri maji yapwe.

Mtaalamu alipanda kilima pekupeku, suruali imelowa mpaka kiunoni, hasira imemjaa. Alisikia pasi kabla hajafika: zile pasi nzito za Mama Pasi, zinashuka na kupanda sebuleni kwa baba yake. Uani kamba zimejaa shuka juu juu, zinapepea. Maji ya sabuni yalipita kwenye mfereji hadi kwenye shimo la changarawe, mbali na kisima, mbali na bahari. Shangazi alikuwa kwenye kiti chini ya kivuli cha shuka, birika miguuni. Pindo la nguo yake halikuwa na fundo. Ufunguo ulikuwa unaning'inia mlangoni kwake, nje nje.

"Shangazi," akasema, "mmenitapeli."

"Nani alikwenda na vigingi?"

Shangazi akammiminia chai, akamwonyesha pa kukaa. Mezani zilikuwepo kurasa tisa, kuanzia wa tatu hadi wa kumi na moja, zimepigwa pasi.

"Nilikwenda kuwasalimu wenzangu ofisini, nikaziona zimechanwa juu," akasema. "Nikaujua mkono wako. Wewe tangu mtoto ukipewa mkate unakula laini, unaacha gamba. Afisa akanipa nakala ya zilizobaki. Nikampelekea Mama Pasi salamu kabla hujafika kwake, maana nyumba ile uliitamani tangu ujana; akashusha shuka zake, kisha akaja, tukasoma pamoja hapa hapa. Alikuwa anatafuta pa kuhamia na kufulia bila kuharibu maji ya watu. Mimi nilikuwa natafuta jambo lingine."

Akakizungusha kikombe.

"Dalali wa kwanza nilimkuta anapima juu ya kichwa changu nina homa. Wa pili akaniita mpangaji. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kila hodi, na aliyenitia hofu hiyo ni wewe niliyekubeba mgongoni. Nikaona, kama nyumba ya kaka yangu lazima itoke mikononi mwako, basi anayeichukua nimchague mimi."

Mtaalamu alitaka kusema neno zuri. Alikuwa nayo mengi siku zote. Safari hii alitazama chini, akaona miguu yake ina tope la chumvi linalokauka, akasema, "Nisamehe, shangazi," na ikawa ndiyo mara ya pili kusema kweli siku hiyo.

"Nimeshakusamehe. Nilikuuliza mara mbili kama umesoma." Akaingia ndani akatoka na buti za mpira za marehemu. "Baba yako alikuwa na mguu mdogo, zitakubana. Jumapili njoo tule. Futikamba iache hukohuko."

Kutoka mlangoni Mama Pasi alimwuliza, kwa upole wote, kama suruali hiyo ataiacha ifuliwe.

Miezi ikapita. Buti zilizobana zikalegea. Tope mbele ya ukuta likaanza kuota majani, maji yakaanza kupunguza povu, na siku moja kaa alipita bila kukunja uso. Usidhani Mtaalamu aliokoka kabisa. Asubuhi moja ameinama topeni, akasikia mtu anasifu madirisha ya buluu. Akainuka. Langoni amesimama bwana mgeni, shati jeupe limenyooka, macho yamejaa upepo wa bahari. Mtaalamu alijipangusa mikono, moyo ukamdunda kwa furaha ya zamani. Akamkaribisha. Akasema, kwa huzuni ya mtu mwema, kwamba daktari amemkataza hewa ya chumvi, kwamba angempata muungwana mwenye nyumba ndogo tu popote pakavu, wangeweza kubadilishana.

Bwana yule alitabasamu, akatia vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imepigwa pasi. Mama Pasi alikuwa akitia moja kama hiyo katika kila shati alilofua, na hakuna shati safi mji mzima lililotoka kwingine.

"Nyumba nzuri," bwana akasema. "Lakini hebu tusaidiane, ndugu yangu. Huu ukurasa wa saba unasemaje?"

Mtaalamu aliutazama ukurasa, akautazama ukuta wenye mstari mweupe. Kisha akainama, akachukua mche mwingine kwenye ndoo. Ulikuwa wa mia na arobaini na mbili.